Ujerumani Mbili na Jamhuri ya Muungano

Kwa miaka 41, kuanzia 1949 hadi 1990, Ujerumani ilikuwa nchi mbili. Ya magharibi, Jamhuri ya Shirikisho, iliundwa Mei 1949, ikaweka serikali yake mjini Bonn na kusimama upande wa Marekani, Uingereza na Ufaransa. Ya mashariki, iliyojiita Jamhuri ya Kidemokrasia, ilitangazwa Oktoba mwaka huohuo katika eneo lililoshikiliwa na jeshi la Kisovieti, na chama cha kikomunisti kikaiongoza kutoka Berlin Mashariki. Kila moja ilijiona ndiyo yenye haki ya kuusemea mustakabali wa taifa zima. Ugomvi wao haukuishia Ulaya. Ulivuka bahari ukafika Unguja na Dar es Salaam, na Februari 1965 uliifanya serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ikatae msaada wa nchi tajiri wakati ambapo ilikuwa na uhitaji mkubwa. Miaka michache baadaye Bonn yenyewe iliamua kuzungumza na nchi za kikomunisti, na jambo lililokuwa kosa kwa Tanzania likawa si kosa tena.

Silaha ya Bonn katika ugomvi huo iliitwa Kanuni ya Hallstein. Ilizaliwa mwaka 1955, baada ya Kansela Konrad Adenauer kwenda Moscow na kukubali kufungua ubalozi, akitaka pamoja na mengine kurudishiwa wafungwa wa vita waliobaki Urusi. Shida ni kwamba Moscow tayari kulikuwa na balozi wa Ujerumani Mashariki. Ikiwa mabalozi wawili wa Kijerumani wanaweza kukaa Moscow, kwa nini wasikae Cairo au Delhi? Bonn ikajibu kuwa Umoja wa Kisovieti una hadhi yake, kwa vile ni mmoja wa washindi wanne wa Vita Kuu ya Pili. Nchi nyingine zote zichague. Atakayeitambua Berlin Mashariki atahesabiwa kuwa amefanya kitendo kisicho cha kirafiki, na uhusiano unaweza kukatwa. Kanuni ilipewa jina la Walter Hallstein, katibu wa wizara ya mambo ya nje, ingawa mwanasheria Wilhelm Grewe ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuiandika. Yugoslavia ilikatwa 1957, Cuba Januari 1963.

Kwa nchi changa za Afrika, uzito wa kanuni hiyo haukuwa katika sheria za kimataifa. Ulikuwa katika hazina. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeinuka kiuchumi, inatoa mikopo, inasomesha wanafunzi na kununua mazao. Ujerumani Mashariki ilikuwa na kidogo cha kutoa, hivyo ilikitoa mahali ambapo kingeonekana.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Bonn haikuja kama mgeni. Nchi yote ya bara ilikuwa koloni la Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza. Huko Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, katika eneo ambalo leo ni la Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, mambo yalichanganyika tangu mwanzo: wamisionari Waingereza wa shirika la CMS walikuwa wameshafungua kituo kabla utawala wa Kijerumani haujashika mizizi, wakakikabidhi kwa misheni ya Africa Inland mwaka 1909, na Wajerumani wenyewe wakaondoka kanda hiyo baada ya Waingereza kuichukua Mwanza Julai 1916. Wasukuma walishazoea kuona Wazungu wakigombana wao kwa wao juu ya ardhi isiyo yao. Baada ya uhuru, hata hivyo, kumbukumbu za vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani hazikuzuia biashara. Viwanda vya Ujerumani Magharibi vilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mkonge, kahawa na pamba, na balozi wa Bonn alikaribishwa Dar es Salaam bila matata.

Zanzibar ilikwenda njia nyingine. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalimwondoa Sultani mwezi mmoja tu baada ya uhuru, na Baraza la Mapinduzi chini ya Abeid Amani Karume likahitaji marafiki haraka. Uingereza na Marekani zilisita. Hazikuitambua serikali mpya hadi 23 Februari. Nchi za kikomunisti hazikusita. Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa zilizowahi kabisa, na katika wiki chache Zanzibar nayo ikaitambua, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Kwa Berlin Mashariki hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ukubwa wa visiwa vyenyewe. Kwa miaka 15 viongozi wake walikuwa wakibisha hodi katika nchi zisizo za kikomunisti bila kufunguliwa. Sasa walikuwa na ubalozi kamili, wenye bendera na balozi, Unguja.

Walijitahidi kuonyesha kuwa mlango huo haukufunguliwa bure. Walileta madaktari, walimu na washauri wa fedha. Walileta pia wataalamu wa usalama: Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki, alifika Zanzibar mwenyewe mwaka 1964, jambo alilolisimulia baadaye katika kumbukumbu zake. Lakini kilichobaki machoni pa watu ni nyumba. Maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa kwa msaada wao, na mwaka 1968 mpangaji miji wao, Hubert Scholz, alichora ramani mpya ya Ng'ambo, upande wa mji uliokaliwa na Waafrika wengi na kudharauliwa na serikali ya zamani. Kutokana na fikra hizo Karume akaendelea na mradi wake mkubwa, majumba ya Michenzani. Ni maghorofa ya zege yaliyonyooka kama behewa baada ya behewa, mengine yakikaribia urefu wa mita 300, yakielekea pande nne kutoka kwenye mzunguko wa barabara. Nguo zinaanikwa kwenye roshani, na chini kuna maduka, vinyozi na baraza za kahawa. Yamelaumiwa sana, na mengi ya yanayosemwa ni ya haki: nyumba za udongo zilibomolewa, wananchi wakatakiwa kutoa nguvu kazi, na lifti na mabomba havikuweza kuhimili. Hata hivyo ni vigumu kumwambia aliyetoka kwenye kibanda akapewa vyumba vyenye umeme kuwa hayo yalikuwa siasa ya Ulaya tu.

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza wazi. Nchi mpya ilikuwa na ubalozi wa Ujerumani Magharibi Dar es Salaam na wa Ujerumani Mashariki Unguja. Kwa mujibu wa kanuni ya Bonn, serikali moja haiwezi kuwatambua wote wawili. Mambo ya nje yalikuwa ya Muungano, kwa hiyo mwenye jukumu la kuamua alikuwa Nyerere, na kila jibu lilikuwa na gharama. Akiufunga ubalozi wa Unguja, atamwonyesha Karume, mbele ya Baraza la Mapinduzi lililokuwa na wakereketwa kama Abdulrahman Babu na Kassim Hanga, kwamba Muungano ni njia ya bara kuwapokonya Wazanzibari marafiki waliowasaidia siku za mwanzo. Akiuacha, Bonn itaondoka na misaada yake.

Na misaada hiyo ilikuwa na umuhimu wa pekee wakati huo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, serikali ikalazimika kuwaita Waingereza kuwanyang'anya silaha, na jeshi lote likavunjwa. Jeshi la Wananchi lilipoanza kujengwa upya Septemba mwaka huo, Nyerere aliamua kutotegemea nchi moja. Wachina walikuja kufundisha askari wa nchi kavu. Wajerumani Magharibi walikubali kuanzisha kikosi cha anga na kusaidia kikosi cha majini. Marubani wa kwanza wa Tanzania walikuwa wanategemea ndege na walimu kutoka Bonn.

Mazungumzo yalichukua miezi. Waziri wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, na Nyerere mwenyewe walitafuta njia ya katikati, na mwezi Februari 1965 wakaitangaza: ubalozi wa Ujerumani Mashariki Unguja utafungwa, na badala yake Berlin Mashariki itaruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila Tanzania kuitambua kama dola. Ukiitazama hatua hiyo kwa utulivu, Bonn ndiyo iliyopata zaidi. Ubalozi pekee wa mpinzani wake katika Afrika ulikuwa umeshushwa hadhi. Zipo nchi nyingine zilizokuwa na ofisi za namna hiyo za Ujerumani Mashariki, Misri mojawapo, na Bonn ilikuwa imezivumilia.

Lakini mwezi huo haukuwa wa utulivu. Kiongozi wa Ujerumani Mashariki, Walter Ulbricht, alikuwa amealikwa Cairo na Rais Gamal Abdel Nasser, na alipokelewa huko kwa heshima zote kuanzia 24 Februari. Serikali ya Kansela Ludwig Erhard iliona kanuni yake inabomoka Afrika nzima, na kwa Tanzania, nchi isiyo na uzito wa Misri, ilikuwa rahisi kuonyesha ukali. Waziri wake wa mambo ya nje aliitwa Gerhard Schröder, asichanganywe na kansela wa jina hilohilo aliyekuja zaidi ya miaka 30 baadaye. Bonn ilitangaza kusitisha msaada wa kijeshi, na walimu wa anga wakaondoka nchini na ndege zao kabla ya mwezi kwisha. Ilidokeza pia kwamba misaada mingine ingeweza kufuata.

Nyerere hakusubiri ifuate. Aliitaka Bonn iondoe msaada wake wote wa serikali, siyo wa kijeshi pekee. Hoja yake, aliyoirudia mara nyingi miaka ile, ilikuwa kwamba Tanzania haitakubali marafiki waichagulie maadui. Wapo waliomwona mwenye kiburi, na ni kweli kwamba waliolipia ni wanafunzi, wagonjwa na wakulima ambao miradi yao ilisimama. Ila alijua alichokuwa akikipima. Angekubali kupigiwa hesabu ya kila ofisi ya ubalozi, kesho angepigiwa hesabu ya kila kura Umoja wa Mataifa. Kanada ilichukua kazi ya kufundisha kikosi cha anga. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ambako walowezi wa Kizungu walikuwa wamejitangazia uhuru, na kupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na sehemu nzima ya kuonya dhidi ya kutegemea fedha za nje kama msingi wa maendeleo. Waliolisoma wakati ule hawakuhitaji kuelezwa mifano ilitoka wapi.

Uhusiano na Bonn wenyewe haukukatwa. Balozi alibaki, biashara iliendelea, na misaada ikarudi polepole baada ya hasira kupoa. Hapo ndipo udhaifu wa Kanuni ya Hallstein ulipoonekana: ilikuwa tishio lenye nguvu mpaka litumike. Likishatumika, anayetishiwa huwa hana tena cha kuogopa, na anayetisha amepoteza mguu wake nchini humo.

Mtu aliyeliona hilo mapema alikuwa Willy Brandt. Alikuwa meya wa Berlin Magharibi usiku wa Agosti 1961 ulipoanza kujengwa ukuta wa kuugawa mji huo, na alijifunza kwamba maneno makali ya Bonn hayakumsaidia mama aliyetenganishwa na wanawe mitaa miwili tu mbele. Msaidizi wake, Egon Bahr, aliliweka wazo lao hadharani mjini Tutzing Julai 1963: mabadiliko yapatikane kwa njia ya kukaribiana. Yaani mfumo wa mashariki hautaanguka kwa kususiwa. Bora kufungua milango ili watu wapite, na mengine yatakuja yenyewe. Brandt alipokuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia Desemba 1966, Bonn ilianza kuivunja kanuni yake. Ilifungua ubalozi Romania mwaka 1967 na kurudiana na Yugoslavia mwaka 1968, ingawa nchi zote hizo zilikuwa na mabalozi wa Ujerumani Mashariki.

Oktoba 1969 Brandt akawa kansela na siasa hiyo ya kuelekea Mashariki ikashika kasi. Mkataba na Moscow ulitiwa saini Agosti 1970, wa Warsaw Desemba mwaka huohuo, na Bonn ikakubali mipaka iliyoachwa na vita, pamoja na ardhi iliyokuwa ya Wajerumani na sasa ya Wapolandi. Mjini Warsaw Brandt alipiga magoti mbele ya mnara wa Wayahudi waliouawa; yeye binafsi alikuwa amempinga Hitler na kuishi uhamishoni. Kabla ya hapo, Machi 1970, alikuwa amekwenda Erfurt, Ujerumani Mashariki, kukutana na waziri mkuu wa huko, Willi Stoph. Umati uliovunja kamba za polisi mbele ya hoteli ulianza kuita "Willy", kisha, wasije wakadhaniwa wanamwita mwenyeji wao mwenye jina hilohilo, wakaongeza "Brandt" na kumtaka ajitokeze dirishani. Alitokea, akawaashiria watulie. Alijua yeye ataondoka jioni na wao watabaki na polisi wao.

Nyumbani alishambuliwa vikali. Aprili 1972 wapinzani walijaribu kumwangusha bungeni wakakosa kura mbili, na miaka mingi baadaye ilibainika kwamba shirika la usalama la Ujerumani Mashariki lilikuwa limehonga ili abaki. Ni shirika hilohilo lililompandikizia jasusi, Günter Guillaume, ofisini mwake, na kashfa hiyo ndiyo iliyomfanya ajiuzulu Mei 1974. Waliomwokoa na waliomwangusha walikuwa nyumba moja.

Kwa nchi kama Tanzania, badiliko kubwa lilikuwa katika namna ya kusema. Walter Scheel, waziri wa mambo ya nje wa Brandt, hakuzitishia tena nchi za Afrika na Asia. Aliziomba zisubiri kidogo, zisiitambue Berlin Mashariki mpaka Wajerumani wenyewe wamalize kuelewana. Hawakuchelewa: Mkataba wa Msingi kati ya Ujerumani mbili ulitiwa saini Berlin Mashariki 21 Desemba 1972, na Septemba 1973 zote mbili zikaingia Umoja wa Mataifa siku moja. Mwishoni mwa 1972 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofungua uhusiano kamili na Ujerumani Mashariki, na Dar es Salaam ikawa na mabalozi wawili wa Kijerumani bila mtu yeyote kukata msaada. Suala lililokuwa limeitikisa Muungano katika mwaka wake wa kwanza lilimalizwa kwa taarifa ya kawaida ya serikali.

Brandt na Nyerere waliendelea kuonana kwa njia nyingine. Brandt alipoongoza tume ya kimataifa kuhusu tofauti ya nchi tajiri na maskini, iliyotoa ripoti yake 1980, Mtanzania Amir Jamal alikuwa mmoja wa wajumbe. Nyerere naye baada ya kustaafu aliongoza Tume ya Kusini, iliyoshughulikia maswali yaleyale kutoka upande wa pili.

Ujerumani mbili ziliungana 3 Oktoba 1990, na ubalozi mmoja ukafungwa. Bonn, na baadaye Berlin, ilirithi miradi na madeni ya pande zote. Mkoani Simiyu jina la Ujerumani leo husikika katika habari za maji: benki yake ya maendeleo, KfW, ndiyo iliyopitishia fedha za Mfuko wa Tabianchi wa Kijani, zilizoidhinishwa 2017, kwa mradi wa zaidi ya yuro milioni 170 wa kuchota maji ya Ziwa Victoria wilayani Busega na kuyapeleka Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Benki hiyo ilianzishwa Frankfurt mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya Ujerumani Magharibi yenyewe.

Njia ya Brandt ilipata mwanafunzi Asia. Korea nayo iligawanyika baada ya vita, na Tanzania iliitambua ya Kaskazini mwaka 1965, wakati ya Kusini ilikuwa chini ya mwavuli wa Marekani. Kituo cha utafiti wa mpunga cha Dakawa, Morogoro, kwa miaka mingi kiliitwa Cholima, jina la farasi wa hadithi za Kikorea, kwa sababu Korea Kaskazini ndiyo iliyosaidia kukianzisha. Julai 1988 Rais Roh Tae-woo wa Korea Kusini alitangaza kuwa nchi yake itatafuta uhusiano na nchi za kikomunisti, na siasa hiyo ikaitwa ya kuelekea Kaskazini kwa kuiga ile ya Brandt. Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka huo iliwaleta Wasovieti na Wachina. Hungaria ilikubali uhusiano Februari 1989, Moscow Septemba 1990, baada ya Seoul kuonyesha ipo tayari kutoa mikopo. Korea mbili zikaingia Umoja wa Mataifa pamoja 1991, na Beijing ikafuata Agosti 1992. Tanzania ilifungua uhusiano na Korea Kusini Aprili mwaka huo, miezi michache kabla ya China, bila kuifukuza ya Kaskazini. Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lililoanza kutumika 2022, ni matunda ya mkopo wa Seoul.

Tofauti na Ujerumani, Korea mbili bado ni mbili, na uhusiano na Pyongyang una gharama yake hadi leo. Mwaka 2017 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba wanachunguza taarifa za mkataba wa kijeshi kati ya Tanzania na kampuni ya Korea Kaskazini. Safari hii kilichouliza hakikuwa ndugu mpinzani mwenye mfuko wa misaada, bali maazimio ya vikwazo ya Baraza la Usalama, ambayo Tanzania, kama kila mwanachama, inawajibika kuyatekeleza.